Namna ya Kukitazama Kipunguza Volteji Kisicho na Kazi

Anza kwa kununua moduli ya bei chee yenye chipu ya LM2596. Iingizie volti 12, zungusha skrubu hadi itoe 5. Mzigo? Ifungie LED moja, inatosha. Washa oskiloskopu, gusa pale chipu inapokutana na koili, kisha subiri lile wimbi la mraba la kwenye datashiti. Picha ile, kwa taarifa yako, ilipigwa moduli ikiwa kazini.

Ukishaona wimbi lako, shtuka. Swichi inazima, mstari unazama chini kidogo ya sifuri, halafu kabla zamu haijaisha unachupa na kutetemeka juu na chini ya volti 5, ukififia. Mila inataka ubadilishe chipu. Badilisha. Badilisha na dayodi, usije ukaambiwa hukujituma. Mtetemo utakungoja palepale.

Spea zikiisha, ndipo upige hesabu. Hakuna fundi aanzaye nayo. Chipu hii huwasha na kuzima mara 150,000 kwa sekunde. Kwa koili ya mikrohenri 33, mkondo hupanda na kushuka kwa karibu amperi 0.6 kila zamu. Mzigo ukivuta chini ya nusu yake, yaani 0.3, mkondo hufika sifuri mapema. Dayodi hairuhusu mkondo kurudi nyuma, basi inaachia. Koili inabaki ikirushiana nishati kidogo iliyobaki na kapasitansi zilizojificha ndani ya dayodi na swichi, hadi iishe. Hakuna kilichoharibika. Usimwambie hivyo mteja uliyekwisha kumtoza chipu tatu.

Pima tena, kwa ule waya mrefu wa ethi wenye klipu, kama wafanyavyo wote. Utavuna mitetemo ya ziada, yote mali yako.

Ukichoka, hamia chipu za kisasa: mzigo ukiwa mdogo, hupiga mapigo machache kisha husinzia. Betri itadumu. Kapasita za kauri nazo zitapiga mluzi usiku kucha.

Au funga rezista ya omu 10 kwenye pato. Sasa unachoma wati 2.5 ili LED moja iwe na wimbi zuri. Piga picha, usiguse rezista. Wimbi likigoma kunyooka, hesabu zamu upya: zipo chipu zilizoandikwa LM2596 zinazokwenda mara 50,000 tu kwa sekunde, na hizo zinadai karibu amperi 0.9. Ongeza rezista ya pili. Na feni.