Fadhila za Kikao cha Saa Saba

Hakika yastahiki shukrani ile hekima ya waajiri wetu, ambao tangu Machi 2020, shule za Kenya zilipofungwa na kazi za afisi zikahamia majumbani mwetu, wamekivumbua kikao cha saa saba mchana, wakati ule ule ambao watoto, kwa kutojua taratibu za utawala, huona njaa. Zamani ilimlazimu mtu awe Harun al-Rashid, mwenye mawaziri mbali na wapishi mbali, ndipo aweze kuendesha dola na kulisha nyumba kwa pamoja. Leo mama yeyote mwenye kompyuta ayafanya hayo peke yake, mkono mmoja ukiandika ripoti na wa pili ukikoroga maharage, maikrofoni imezimwa ili mkurugenzi asitaabike kusikia kwamba ugali umekataliwa. Nahodha hupewa mabaharia, jemadari hupewa askari. Yeye amepewa linki ya mkutano.

Wala tusimsahau baba watoto, aliyejitenga chumba cha pili kwa shughuli nzito, ambaye kwa insafu yake hufungua mlango kidogo, akauliza kama chakula ki tayari, kisha akaufunga taratibu asije akawaudhi wanaofanya kazi. (Insafu kama hiyo haifunzwi chuoni.)

Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021, wasio na subira walidhani kikao kitasogezwa. Naam, kikasogezwa: sasa ni saa sita na nusu, ili watoto wa chekechea, ambao hurudi nyumbani adhuhuri, nao wasikose kuhudhuria.