Sifa za Breki Inayolia

Honi hununuliwa na redio hununuliwa, lakini mlio wa breki ni nyongeza ya bure. Nausifu hasa ule unaozaliwa siku ileile ulipotoka kwa fundi, pedi mpya, diski mpya, risiti ya duka la vipuri la Gerezani ingali mfukoni.

Una nasaba ya kutosha. Frederick Lanchester wa Birmingham alipopata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, pedi zake zilikuwa za shaba, na shaba ilipobana diski ikapiga mayowe. Miaka michache baadaye Herbert Frood akaleta asbesto, mayowe yakapoa. Kumbe vumbi la asbesto linaua mapafu. Kati ya wawili hao, mpiga kelele na mtulivu, mniambie muungwana ni yupi.

Halafu hauna uchoyo. Ukibandika rimu mpya mtaa mzima unaona, lakini pesa uliyotoa kwa pedi na diski imejificha nyuma ya rimu hizohizo. Ni nani angeijua? Mlio ndio unaoitangaza kila penye taa nyekundu: muuza maji anageuka, bodaboda anasogea pembeni, abiria wako anajifanya anasoma simu.

Sifa yake kuu lakini ni ukweli. Fundi, mwenye haraka na magari matatu mengine uani, atakuambia, "Zitazoea tu, bosi." Mlio hauli rushwa. Unaeleza kwamba diski ilifungwa na mafuta yake ya kiwandani ya kuzuia kutu, hakuna aliyeiosha. Kwamba pini za kalipa, kile kibanio cha pedi, zilirudishwa zikiwa kavu. Kwamba vile vibati vya kukaa nyuma ya pedi vimebaki kwenye boksi, na boksi liko jalalani. Pedi inashika diski, inateleza, inashika tena, zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na diski inaitika kama kengele ya kanisa. Ripoti kamili ya ukaguzi hiyo, na hujalipia hata muhuri.

Wapo wasio na shukrani wanaotaka kuunyamazisha. Wanafungua tairi upya na kuosha diski kwa sabuni na maji ya moto. Wanapaka grisi ya breki, ile inayohimili joto, kidogo tu, kwenye pini, mgongoni mwa pedi na pale masikio yake yanapotelezea. Aliyezidisha akaipaka usoni mwa pedi hupata ukimya usio na kifani, nao humsindikiza mpaka kwenye bodi ya lori lililo mbele. Kisha wanatafuta barabara tupu alfajiri: wanafikisha kama kilomita 60 kwa saa, wanapunguza hadi 10 bila kusimama kabisa, wanarudia mara kadhaa, wanaziacha breki zipoe kwa upepo. Pedi inaacha utando wake sawasawa juu ya diski, na mwimbaji ananyamaza. (Fundi naye alikuwa na nusu ya ukweli: breki huzoea, ila huzoeshwa.)

Mimi namwonea huruma mwenye gari kimya. Ashukuru kwamba unyevu wa pwani humtilia diski kutu nyepesi usiku, akapata wimbo mfupi asubuhi, hadi breki ya tatu au ya nne.

Na mlio huu una ndugu mkubwa, kibati cha onyo ambacho pedi nyingi hutoka nacho kiwandani. Huyo hukaa miaka bila neno, mpaka pedi ilike ibaki milimita mbili au tatu, ndipo agonge diski na kupiga kelele makusudi. Akianza yeye, fundi hasemi zitazoea. Anafuta mikono, anachukua kalamu, anauliza kama utalipa taslimu au kwa simu.