Heko, Ukoko wa Birika

Wakwe husifiwa, wabunge husifiwa, hata mvua iliyochelewa mwezi mzima ikija husifiwa. Ila ukoko mweupe wa ndani ya birika haujapata hata shairi moja. Hapa Simbo, Kigoma, unakwanguliwa kwa kisu, unalaaniwa asubuhi na mapema, na kila anayeumwa kiuno akihisi ana mawe kwenye figo anautaja huo kwanza. Leo nimekuja kuutetea.

Nasaba yake kwanza. Maji yakipita ardhini kwenye mawe hubeba kalsiamu na magnesiamu, na hayo ndiyo tunayoyaita maji magumu. Yakipata moto, gesi inatoka, kalsiamu inatua chini na kuganda: ndugu wa damu wa mawe ya chokaa. Jamaa zake wakubwa wako ziwani. Teremka ufukweni, uangalie mawe yalivyovikwa magamba. Ziwa Tanganyika lenyewe lina magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, na pH yake inakaribia 9. Watu wa mwambao wamelinywa vizazi na vizazi, wakavua migebuka, wakazaa, wakagombania mashamba ya michikichi.

Usumbufu wake siufichi, maana ndio ukubwa wake. Sabuni ya mawese ikikutana na maji magumu haitoi povu. Unabaki utando wa kijivu ulioganda ukingoni mwa beseni, na shati jeupe la shule linazidi kufifia kila Jumamosi. Maharage nayo yanakaa jikoni mpaka mkaa unaisha, kwa kuwa kalsiamu inayakaza, hadi mama anachoka na kutia magadi. Birika lenye ukoko mnene linachelewa kupata moto. Muuza sabuni na muuza mkaa, kama wangekuwa na shukrani, wangeujengea ukoko sanamu pale stendi.

Lakini ukiingia tumboni, mtesi huyu wa sufuria anakuwa mpole kabisa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi na cha aseniki kwenye maji ya kunywa. Kwa ugumu wa maji halijaweka kikomo chochote cha kiafya. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo tunayoifuata kwenye dagaa tunaowala na miiba yao. Meno ya kahawia ya kule Arusha msiusingizie ukoko: hiyo ni floraidi, na kuchemsha hakuiondoi. Kuhusu mawe ya figo, kinachotangulia ni kama unakunywa maji ya kutosha, kabla ya kuuliza kama ni magumu au laini. Mwenye maradhi ya figo tayari, huyo amsikilize daktari wake, asinisikilize mimi.

Tunachopaswa kukiogopa hakina gamba. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliposongamana Kagunga, kule kaskazini mwa ufukwe wetu, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma, kipindupindu kiliwashika watu kwa maelfu na wengine wakafa. Vimelea vyake havina ladha, haviachi utando juu ya chai, na vinaweza kukaa kwenye maji maangavu ambayo mgeni angeyapokea kwa mikono miwili. Tena si vya kuogopa pH ya ziwa letu. Hali hiyo ya magadi vinaipenda.

Ndiyo maana birika lenye ukoko nalipa shikamoo. Limekaa motoni mara nyingi, na vimelea hivyo hufa maji yakichemka. Nikikuta nyumba ina birika linalong'aa ndani, namuuliza mwenyeji, kwa adabu, maji ya kunywa anachemshia wapi. (Ushahidi wa ukoko hautoshi mahakamani, nakubali, maana huanza kutua kabla maji hayajachemka. Subirini yatokote kwelikweli.)

Na kuna jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi: ukoko ukiombwa uondoke, unaondoka. Kamulia ndimu mbili kwenye maji kidogo, pasha, utege sikio. Utausikia ukifoka taratibu, vipovu vikipanda, magamba yakilegea moja baada ya jingine. Mwaga, suuza, bandika chai. Kisu kiacheni, kinatoboa alumini, na birika jipya halinunuliwi kwa bei ya ndimu.