Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wanaovipa Vimbunga Majina

Mbekenyera, Ruangwa,
Mkoa wa Lindi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayowastahiki watu waliopewa madaraka ya kuzipa majina tufani za Bahari ya Hindi, naomba idhini yenu mimi mkulima wa ufuta na korosho, nisiye na elimu ya anga illa ile ya kutazama mawingu kabla ya kuanika mazao, niwasilishe shauri langu ambalo nimelibeba moyoni tangu Mei ya mwaka 2024, na ambalo kila nikijaribu kulisahau hukumbushwa na binti yangu wa miaka mitano.

Yalikuwa hivi. Fedha za korosho zilipokwisha kulipa madeni yote, zikabaki kidogo, jambo ambalo halijatokea nyumbani kwetu kwa muda mrefu, nami nikaazimia kuwapeleka watu wangu Lindi, siku ya Mei Mosi, wakaione bahari. Kwani mke wangu hakupata kuiona, binti yetu alidhani ni mto Lukuledi uliopanuka, na mama yangu mzazi, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyewahi kuishi pwani, alikuwa na miaka mingi hajanusa harufu yake. Tukafikia kwa binamu yangu, tukala pweza, tukavuka kwa mashua kwenda Kitunda na kurudi, na mama akakaa mchangani kutwa nzima bila kusema neno, nasi tukajua kuwa ameridhika.

Siku ya pili yake, tukiwa barazani, likapita gari lenye vipaza sauti likiwahimiza wavuvi wasitoke na watu wa ufukweni wahame, kwani Hidaya alikuwa njiani anakuja. Binti yangu, ambaye jina lake ni Hidaya, akasimama akatoka nje akaliambia lile gari, kwa adabu kamili, kwamba yeye ameshafika tangu jana.

Tukacheka. Lakini mama hakucheka, na hapo ndipo palipoanza dhiki iliyonifanya niwaandikie. Mama yangu alikuwa mtoto Lindi ile Aprili ya mwaka 1952, kimbunga kilipoupiga mji huo kikabomoa majumba na kuua watu, na hadi leo akisimulia namna bati zilivyokuwa zikiruka kama karatasi huishusha sauti yake, asije akasikiwa. Kimbunga kile, Waheshimiwa, hakikuwa na jina, kwa kuwa desturi yenu ya kuvipa majina vimbunga vya upande huu wa bahari ilianza mwaka 1960, na cha kwanza mkakiita Alix. Basi mimi nilitaraji kwamba mtu aliyeyaona ya 1952 ndiye atakayekuwa wa kwanza kufunga mzigo. Nilipomwambia tuondoke, akanijibu kwamba kile kilichokuja bila jina kilikuja kama mwizi, ama huyu aliyetanguliza jina, tena jina la Hidaya, ni mgeni, na mgeni hupikiwa.

Nami nilikosa la kumjibu, maana hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Hidaya katika Kiswahili chetu ni zawadi, ni tunu. Na ukilirejesha neno kwenye Kiarabu chake, ni uongofu. Nimeligeuza neno hili huku na huku, sikuona pembe yake hata moja inayoweza kuezua paa. Mwaka 2019 mlituletea Kenneth, na ingawa mwisho wake kiligeuka kikaenda kuwadhuru jirani zetu wa Cabo Delgado, huko Msumbiji, watu wa Mtwara walihama, shule zikafungwa, na hapana aliyeuliza swali, kwani Kenneth ni jina la mtu ambaye akibisha hodi unajua amefuata kodi. Lakini ni nani, Waheshimiwa, atakayeikimbia hidaya? Tena wakati ambapo mtu amengoja zawadi kutoka kwa wakubwa tangu uhuru?

Sisemi kwamba tahadhari ilikuwa na kasoro. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za Unguja zikasimamishwa, na mwenye masikio alisikia. Mama alisikia pia. Tatizo ni kwamba alisikia vizuri mno. Ilinibidi nimwambie kuwa mbuzi wake kule Mbekenyera ameibiwa ndipo akakubali kupanda gari siku ya Ijumaa, na uongo huo nimeuandika katika hesabu yenu, si yangu.

Kimbunga chenyewe, alhamdulillahi, kilififia kilipofika Mafia siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei, ila mvua yake haikufifia. Shemeji yangu, aliyekuwa akitoka Dar es Salaam kuja kutuona, akakwama Kilwa pamoja na mabasi na malori, maana maji yalikuwa yameichukua barabara pale Somanga, akapiga simu akasema kwa ukali kwamba Hidaya amekata barabara. Binti yangu, aliyekuwa amepakatwa na bibi yake, akalia sana, akiapa kwamba hakugusa barabara yoyote.

Nilitaka niwaombe mlifute jina hilo. Nikaja kuarifiwa kwamba kwenu jina likisha kutumika huondolewa orodhani lisirudiwe, basi ombi langu lilikuwa limekubaliwa kabla sijanunua karatasi, wepesi ambao sijawahi kuupata katika afisi yoyote. Lakini nyinyi mkilimaliza jina, hulitupa. Sisi bado tunalo, linakula, linalala, na kila mawingu yakikusanyika upande wa mashariki watoto wenzake humwendea mlangoni kumwuliza anataka nini safari hii. Bibi yake huwafukuza kwa mwiko. Mkipata nafasi kati ya tufani mbili, andikeni mstari mmoja tu, wenye muhuri, wa kuthibitisha kwamba wakati barabara ya Somanga inakatika mtoto huyu alikuwa Mbekenyera, amelala.

Nami ni mtiifu wenu,

Baba yake Hidaya