Genge Lako Liwe Kampuni: Mwongozo kwa Mzee Aliyechoka na Polisi

Hongera, Mzee. Baada ya miaka mingi ya kuongoza genge mjini Osaka, umeamua kuwa mwenyekiti wa kundi la kampuni: ujenzi, upangishaji wa majumba, ulinzi, na duka la maua ambalo halijawahi kuuza ua.

Anza na kibao. Kabla ya sheria ya magenge kuanza kutumika mwaka 1992, wenzako walitundika jina la genge mlangoni kama daktari wa meno. King'oe. Jina jipya liwe na "maendeleo" ndani yake.

Kisha vidole. Japani kadi ya biashara hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, hapo hapo mbele ya macho ya mgeni, na mkurugenzi wako wa fedha alishakata kipande cha kidole cha mwisho kukuomba radhi. Mnunulie cha silikoni. Mnunulie viwili: kimoja cha kipupwe, kimoja cha kiangazi, kwa sababu silikoni haibabuki na jua.

Mkutano mkuu wa wanahisa utakutoa jasho. Unawakumbuka sokaiya? Walinunua hisa chache, wakatishia kumwaga siri za kampuni mkutanoni. Wakilipwa, walikaa ukumbini kumzomea mwanahisa yeyote mwenye swali. Malipo hayo yalipigwa marufuku mwaka 1982, lakini mwaka 1997 wakubwa wa kampuni ya hisa ya Nomura na wa benki ya Dai-Ichi Kangyo walikamatwa kwa kuendelea kuyatoa. Kampuni nyingi zilijikinga kwa kufanya mikutano yao siku moja, mwishoni mwa Juni, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuzomea kumbi mbili kwa wakati mmoja. Nawe panga siku hiyo hiyo. Watakaokuja kukutisha ni vijana uliowafundisha mwenyewe, na kazi wanaijua.

Tetemeko la ardhi likipiga, wahi. Kobe ilipobomoka Januari 1995, watu wa genge la Yamaguchi-gumi waligawa chakula, maji na nepi huku serikali ikijikongoja. Mpiga picha asikose.

Imebaki benki, na hapa pole sana. Kufikia Oktoba 2011 mikoa yote ya Japani ilikuwa na kanuni za kuwatenga watu wa magenge. Hata mkataba wa kupanga chumba una kifungu cha kuapa kwamba wewe si mmoja wao. Kuwa mwanachama si kosa. Kudanganya kwenye fomu ni utapeli, unafungwa. Aliyeacha naye kwa kawaida huhesabiwa mwanachama kwa miaka 5 mingine, hana akaunti, na bila akaunti hata laini ya simu ni taabu.

Basi mtafute mpwa aliyesoma, asiye na chale mgongoni, umweke mwenyekiti. Wewe jiite mshauri. Mshahara wako uletwe kwenye bahasha, na dereva asiulize ni wa nani.