Baiskeli Yenye Jamaa Wengi

Mtu aliyezaliwa Unguja, ambako kilima kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 150 juu ya bahari, na ambako mpanda baiskeli aghalabu hana hasimu ila mchanga, jua na mbuzi, hana budi kusikiliza kwa hadhari anapoambiwa na mwenyeji wa Rwimbogo, nchini Rwanda, kwamba huko hakuna milima. Mwenyeji hasemi uongo. Yeye hupima ardhi kwa kipimo cha Nyungwe, msitu ulio upande wake wa mashariki, wenye kilele cha Bigugu kinachokaribia mita 3,000. Na kwa mtu aliyekulia ujirani wa Bigugu, vilima vya Rwimbogo, vinavyopanda kidogo na kushuka kidogo kuuelekea mto Rusizi, migomba na mibuni ikivifunika mpaka ukingoni mwa lami, ni tambarare iliyokunjwa tu. Mume wa mpwa wangu, aliyenialika, alinikariri shauri lake asubuhi nzima: "Mjomba, kutoka hapa Mushaka mpaka Bugarama ni mteremko. Baiskeli itakwenda yenyewe."

Chombo chenyewe aliniazimia kwa jirani, kijana mmoja katika jamii ya wale ambao Wanyarwanda huwaita abanyonzi, wachukuao abiria na mizigo kwa baiskeli. Kilikuwa chuma cha kale, kizito, hakina gia, madigadi yake yameandikwa dua upande mmoja na jina la timu ya mpira ya Uingereza upande wa pili, na juu ya keria kiti cha abiria kilichojazwa sponji na kuning'inizwa nyuzi nyekundu kama shela ya bibi harusi. Breki ilikuwa moja, ya nyuma. Mwenyewe aliisifu kwa kusema kwamba haijapata kumwangusha mtu mwema, nami, nikiwa nimevaa kanzu kwa kuwa nilinuia kuswali alasiri Bugarama, sikuona murua kumwuliza juu ya watu wengine.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba Rwanda ya leo inaheshimu baiskeli kuliko nchi nyingi za Afrika. Mashindano ya Tour du Rwanda yalianza mwaka 1988, yakaingia katika kalenda ya shirikisho la dunia mwaka 2009, na zaidi ya mara moja yamepita Nyungwe na kumalizia Rusizi. Na Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanywa katika bara hili, Tadej Pogačar wa Slovenia akaondoka na jezi ya ubingwa. Basi watoto wa barabarani huko ni mahodari wa kuhukumu mwendo. Waliponiona nimekunja kanzu mpaka magotini, nikipanda kilima cha kwanza kwa taadhima, waliniuliza wenzangu wako wapi. Nikawajibu kwamba wako nyuma. Binti mmoja mdogo, baada ya kuyatazama magoti yangu kwa makini, akawatangazia wenzake kwamba mzee anasema hivyo kwa haya tu. Wenzake wako mbele, tena zamani.

Sitakaa sana juu ya lori la saruji litokalo kiwandani Muganza, ambalo dereva wake alinieleza kwa honi, kisha kwa mkono, kisha kwa lugha tatu, kwamba Rwanda watu hupita kulia. Unguja hupita kushoto, na ada ya umri mzima haibatilishwi na rangi nyeupe iliyochorwa juu ya lami.

Masaibu yangu ya haki yalitokana na umaarufu wa baiskeli. Mimi sikujulikana na mtu, ilhali yenyewe ilijulikana na kila mtu. Kila penye duka, kila penye watu wawili wamesimama, sauti ilitoka kuuliza mwenye baiskeli amepatwa na nini. Na kwa kuwa watu wa pande hizo hukijua Kiswahili, ambacho biashara ya Bukavu na Bujumbura imekifanya kuwa lugha ya soko, sikuweza kujisingizia ububu. Wanaume fulani walinizuia kwa adabu, wakampigia simu mwenyewe ili kuthibitisha kwamba sikuiba. Mazungumzo yakawa marefu. Walimwuliza hali ya mama yake, bei ya maharage, na ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, na mwisho kabisa, simu ikikaribia kuzimika, wakakumbuka kuuliza habari zangu. Nikaachiwa huru, na kwa kuwa sasa ilidhihirika kuwa mimi ni mtu wa amana, nikakabidhiwa mfuko wa maharage wa kupeleka Nzahaha. Bibi mmoja aliyeyaona hayo akaongeza mkungu wa ndizi. Mbele kidogo, kijana mwenye tabasamu zuri akafunga kwenye keria, kwa kamba ya mpira, jerikeni la manjano la lita 20, akaniapia kwamba ndani yake mna umutobe, yaani maji matamu ya ndizi mbivu, kinywaji cha watoto na cha wacha Mungu.

Kwa mzigo ule vilima vilivyokunjwa vikakunjuka. Watoto, ambao hukumu yao juu yangu ilikuwa imekwisha kutoka, waliona huruma wakaja kunisukuma, wakiimba "Komera, mzee!", wengine mgongoni mwangu na wengine kwenye mkungu, na mmoja, ambaye bila shaka atakuwa waziri, alijipandisha juu ya jerikeni ili awasimamie wenzake. Kilimani juu tairi la nyuma likatoa pumzi.

Fundi alikuwa chini ya mparachichi, ana beseni la maji, tupa na solusheni, na wazee wasio na kazi ila kumshauri. Akautoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha polepole, nasi sote tukainama kungoja mapovu kwa ukimya wa wanazuoni. Mpira ule ulikuwa na viraka vingi kuliko mpira, na fundi alivijua vyote kwa nasaba: hiki cha msumari wa soko la Mushaka, hiki cha mwiba wa msimu wa mvua, hiki, akakigusa kwa kidole, si kazi yangu, ni kazi ya fundi wa Bugarama, tazama. Wazee wakatazama, wakasikitika. Nilipotia mkono mfukoni akanizuia. Kiraka kiandikwe katika deni la mwenyewe, na mimi nichukue salamu pamoja na jumla.

Kisha mteremko ulioahidiwa ukaja wote kwa mkupuo. Kutoka nyanda za juu barabara huporomoka hadi bonde la Bugarama, lililo kati ya sehemu za chini kabisa za Rwanda, pungufu ya mita 1,000 juu ya bahari, penye mashamba ya mpunga na joto la kumkumbusha mtu pwani. Ile breki ya watu wema ilinuka, ikalia, ikaniaga. Nikashusha kubadhi zangu juu ya lami, na nikafika mjini kwa kasi ambayo binti yule, laiti angekuwapo, angeibadili hukumu yake.

Sasa, wajuzi wa mambo haya husema kwamba umutobe ukichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa siku chache pahali penye joto hugeuka urwagwa, ambayo ni pombe. Mimi nashuhudia kwamba nilipewa juisi. Kilichotukia njiani kati ya jua, mtikisiko na jerikeni ni siri yao. Lakini nilipojiegemeza mbele ya msikiti, watu wakitawadha kwa alasiri, kizibo kiliruka kwa kishindo, na kanzu yangu ikapokea nusu ya amana. Mwadhini alinusa. Akaitazama kofia yangu, akalitazama jerikeni, akanipa salamu fupi iliyokuwa wajibu wake wa sheria na si zaidi. Nami nilikuwa tayari kumtolea hoja yangu ya juisi, tena kwa utaratibu, ila akatokea ng'ambo ya barabara mtu mnene mwenye furaha, aliyeitambua baiskeli kwa nyuzi zake nyekundu, akapaza sauti mbele ya jamaa nzima ya waumini: "Asante, mzee! Leo umeniletea kali!"

Niliswali nyuma ya safu zote, kwa shuka ya kuazima.

Jioni nilipata lori la mchele lipandalo Kamembe. Utingo aliijua baiskeli, akaulizia afya ya mwenyewe, akaitandikia magunia na kuilaza juu yake, akakataa kabisa kupokea nauli yake. Yangu aliipokea yote, akanielekeza nikae upande unaovuma vumbi, niukinge upepo, ili nyuzi zisichafuke.