Kila Kinachoanguka Kina Mwenyewe

Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, lina sheria ambayo haijabandikwa ukutani, na bado hakuna asiyeijua: kinachoanguka kina mwenyewe. Kibua akiteleza kutoka kwenye ndoo, kabla hajagusa sakafu amekwisha pata wadai: mchuuzi aliyemnunua, paka aliyejifanya amelala chini ya meza, na kunguru aliye juu ya bati akifuatilia mnada kwa makini kuliko wanunuzi. Utumbo una wenyewe. Mapezi yana wenyewe. Hata barafu inayomwagika ina watoto wake. Ukiinama Feri kuokota kitu bila kutazama kulia na kushoto utaulizwa, na atakayekuuliza huenda ana mkia.

Kunguru hao nao waliletwa pwani kufanya usafi. Katika miaka ya 1890 watawala wa Kiingereza huko Zanzibar waliwaagiza kutoka India waje wale taka zilizowashinda binadamu. Hesabu ilikuwa nzuri: mfagiaji asiyedai mshahara na anayejizalisha mwenyewe. Mwaka 1917 kunguru wale wale wakatangazwa kuwa ndege waharibifu, maana walikwisha gundua kwamba taka ni chakula cha siku za dhiki, na kwamba mayai na vifaranga vya ndege wengine vina ladha zaidi. Wakaenea hadi bara, na leo Dar es Salaam ni yao, sisi tumepanga. Nalitaja hili mapema ili ijulikane kwamba habari ya vifaa vya usafi vinavyojiendesha vyenyewe haikuanza nyumbani kwetu.

Soko la sasa la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Japani, ni la mwaka 2002. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, kampuni ya iRobot ya Marekani ilitoa Roomba, mashine ya duara inayozunguka nyumba peke yake ikifyonza vumbi. Babu yake hakuwa na ujasiri wa kuingia ndani. Mashine aliyoiunda Hubert Cecil Booth huko London mwaka 1901 ilikuwa kubwa hata ikavutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani. Hii ya 2002 iliingia yenyewe hadi chumbani, nayo ilikuja na imani moja ambayo jamaa zake wote, wa kampuni zote, wameirithi: kilichoko sakafuni ni uchafu.

Imani hiyo ilifika kwetu kwa njia ya deni. Mdogo wangu anatengeneza simu Kariakoo, na mteja aliyeshindwa kumlipa alimwachia mashine ya aina hiyo, ya kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu jina lake limeandikwa kwa herufi nisizoweza kuzisoma. Akaipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, Kisutu, mwendo wa mguu kutoka Feri, akaiweka katikati ya sebule. Ilikuwa na umbo la sinia, na mgongoni nundu yenye jicho linalozunguka likipima kuta kwa miali. Alipoiwasha ikatoa maneno marefu ya Kichina.

"Marhaba," akaitika Mama.

Mdogo wangu akamweleza kwamba mashine haikumwamkia, ilisema betri imejaa. Mama akasema anayeingia nyumbani kwake akatoa sauti amesalimia. Basi kila inapowashwa huitikiwa marhaba, na ikizimwa huambiwa ilale salama.

Nyumba ilikuwa na wakazi wawili wasiochangia umeme. Wa kwanza ni Dalali, paka dume tuliyemchukua Feri akiwa mdogo, ambaye jina lilimpata kwa sababu huanza kunadi alfajiri bila kujali kama bidhaa ipo. Wa pili ni kuku jike ambaye shangazi alimleta kwa basi kutoka Singida ili achinjwe sikukuu ya Idi. Usiku wa kuamkia Idi akataga. Mama akaona si haki kumchinja mzazi, hukumu ikaahirishwa, kuku akapewa makazi kwenye roshani ya jikoni, na hadi leo hutaga kila anaposikia kisu kinanolewa.

Intaneti imejaa video za paka wa Ulaya na Marekani wanaopanda mashine hizi na kuzungushwa sebuleni wametulia, wengine wamevalishwa nguo. Hao hawajawahi kugombea kichwa cha changu. Dalali aliifuata mashine nyuma nyuma, akiinusa, hadi ikafika jikoni ambako Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Dagaa kadhaa walikuwa chini. Kwa sheria ya Feri walikuwa wa Dalali, na nyumbani kwetu jambo hilo halijawahi kuwa na mjadala. Mashine ikapita, dagaa hawapo. Paka akatazama sakafu, akatazama mashine, kisha akamtazama Mama, ambaye ndiye serikali.

Hakuipiga. Paka wa Feri hapigani na kitu asichojua nguvu zake. Mashine iliporudi kwenye kituo chake cha chaji, akaenda kulala mbele yake, pua ikielekea kwenye kijisanduku cha vumbi. Alikuwa ameng'amua jambo ambalo sisi lilituchukua muda: mashine ile haili. Ni mchukuzi tu, na mchukuzi lazima atue mzigo mahali.

Mzigo ukawa unatuliwa jioni juu ya gazeti, na hapo pakazaliwa mnada. Kijisanduku kikifunguliwa, nyumba nzima ipo. Heleni? Ya binti anayetusaidia kazi, imepotea tangu Ramadhani. Punje ya tasbihi? Ya Mama. Skrubu ndogo ya simu? Mdogo wangu anaruka, maana kuna mtu Kariakoo anaambiwa kila siku kwamba kifaa chake kinatoka China. Sarafu ya shilingi mia mbili hudaiwa na wote, na kesi yake humalizwa na Mama kwa kuifunga kwenye pindo la kanga yake. Dagaa, hata wakiwa wamevaa vumbi na nywele, ni wa Dalali. Kila mtu akishachukua chake, kinachobaki ni kavumbi kasikojaza kisoda. Wenye kiwanda walitarajia kijisanduku kijae uchafu. Kwetu kilijaa mali za watu.

Mama, hata hivyo, aliipenda mashine kwa sababu za dini. Msala wake ni mweusi. Mashine ikifika ukingoni husimama, hurudi nyuma, huuzunguka na kwenda zake. Akawatangazia majirani kwamba kifaa kina adabu, hakikanyagi msala. Ukweli ni kwamba tumboni mwake mna vijicho vinavyotuma miali chini na kungoja irudi. Ikirudi, sakafu ipo. Isiporudi, mashine huhesabu kwamba hapo pana ngazi, ikaogopa kuporomoka. Kitambaa cheusi hunyonya miali, kwa hiyo cheusi chochote kwake ni shimo. Nilimweleza Mama yote hayo. Akanijibu kwamba anawajua watu waliosoma hadi chuo kikuu wanaokanyaga msala na viatu bila kuona shimo lolote.

Jirani mmoja akaleta wa kwake, wa kijani, kuupima uchamungu wa mashine. Ilipanda moja kwa moja, ikatafuna matamvua, ikakwama, ikaanza kulalamika kwa Kichina. Mama akasema huenda msala wa jirani haujatumika vya kutosha.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waundaji wa mashine hizi wakazifanya fupi ili wenye nyumba wasiiname tena. Hawakuujua mvungu wa Mama, wenye masanduku, masufuria ya shughuli, mikeka iliyoviringishwa, na mifuko ambayo ndani yake mna mifuko. Mdogo wangu alikuwa ameipangia mashine kuanza kazi saa nne asubuhi, lakini saa yake ilibaki ya China, na saa nne ya Beijing ni saa kumi na moja alfajiri ya Kisutu. Alfajiri moja umeme ukakatika ikiwa katikati ya kazi. Kituo chake kilipozimika, ishara ya kuiongoza nyumbani nayo ikazimika, ikatangatanga hadi chaji ikawa inaisha, na kwa nguvu zake za mwisho ikaita kutoka gizani, chini ya kitanda cha mwanamke aliyekuwa anavuta uradi. Safari hii Mama hakusema marhaba. Aliijibu kwa aya. Nikaamshwa, nikawasha tochi ya simu, nikainama. Nilimkuta Dalali keshafika, anangoja kijisanduku kifunguliwe.

Aliyetuingiza kwenye historia ya dunia ni kuku. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja wa Arkansas alijulikana kila pembe baada ya kusimulia jinsi mtoto wa mbwa wake alivyojisaidia sebuleni usiku, mashine ikaingia kazini na kuusambaza mzigo nyumba nzima kwa uaminifu. Mwaka 2021 iRobot ikatoa mashine yenye kamera iliyofundishwa kutambua kinyesi cha wanyama wa nyumbani, ikaahidi kumpa nyingine mteja ambaye yake ingekikanyaga. Sidhani kama kuku wa Singida alikuwamo kwenye mtaala, na yetu haina kamera ya namna hiyo. Mlango wa roshani ulipoachwa wazi, kuku aliingia kukagua sebule, na kila alipoafiki akaweka sahihi. Nyuma ya mashine mna kitambaa chenye maji. Ilipiga deki.

Mdogo wangu, akiwa Kariakoo, akapokea kwenye simu ramani ya nyumba: vyumba vyote vimesafishwa, asilimia 100. Akaituma kwenye kundi la familia na dole gumba juu. Binti anayetusaidia kazi akamjibu kwa picha. Ramani ilitufaa hata hivyo, maana ilionyesha kwa usahihi pa kusugua. Jioni hiyo mnada haukuwapo. Kwa mara ya kwanza kilichookotwa kilikosa mwenyewe. Hata kuku alikana.

Tangu hapo mashine haianzi kazi bila maandalizi. Mikeka inaviringishwa, ungo unapandishwa mezani, waya za chaji zinakunjwa, kuku anahakikiwa, watu wazima wanakaa kwenye makochi miguu juu. Binti anatangulia na ufagio ili mashine isikute kitu cha kuidhuru. Yaani tunafagia ndipo ifagie. Mgeni akisifu sakafu inavyong'aa na kuuliza ni mashine gani, sisi tunaielekeza kwa kidole, binti anakohoa.

Siiti mbovu. Imeundwa kwa ajili ya nyumba ambazo sakafu ni ya kupita. Kwetu sakafu ni ya kuishi: hapo tunakula, tunasali, tunachambua dagaa, watoto wa majirani wanafanya hesabu za shule, na wageni wakizidi wanalala. Kilicho chini kimewekwa, au kimedondoka na mwenyewe yuko njiani. Wapara samaki wa Feri wanalijua hilo. Magamba yakiisha, kisu kikiwa hewani, humwuliza mteja: "Kichwa unachukua?" Siku mashine itakapojifunza kuuliza hivyo, ndipo nitakapokubali kwamba ina akili.

Wahandisi wamesikia nusu ya malalamiko. Januari 2025, kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas, kampuni ya Roborock ya China ilionyesha mashine yenye mkono unaochomoza mgongoni, ukanyanyua soksi na kuiweka kando. Nilimwonyesha Mama video. Akaitazama hadi mwisho, akauliza mkono huo unabeba uzito gani. Nikamwambia gramu 300.

"Gramu mia tatu ni changu wa kumdanganyia mtoto," akasema. "Waambie wautie nguvu, halafu waupeleke Feri ukapare samaki. Soksi kila mtu ataokota yake."